Mtafsiri wa Shelui na Herufi Moja

Shelui nzima ilimwita Mtafsiri, ingawa hakujua lugha yoyote ya kutafsiri. Kiingereza chake kiliishia kwenye "yesi" na "gudi moningi". Kihindi hakukijua, na Kichina ndiyo usiseme. Alikuwa na Kinyiramba cha kwao na Kiswahili cha barabarani, basi. Hata hivyo, kwa miaka mingi ndiye aliyekaa kwenye kigoda kando ya televisheni ya banda la video, maiki mkononi, akitueleza Wachina wanagombania nini na kwa nini yule mama wa Kihindi analia. Tulimwamini. Mimi mwenyewe, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mtu wa kusahihisha madaftari ya wenzangu hata nisipoombwa, nilimwamini. Siku nilipojua ukweli nilinuna wiki nzima, kisha nikarudi kwenye benchi langu la mbele.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na kiberiti tu yalianza kujaa sabuni za rangi, redio za kaseti na viatu vya plastiki. Dereva mmoja wa lori, mtu aliyechoka na safari, aliuza lori lake akanunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la mabati nyuma ya maegesho. Huyo ndiye tuliyemwita Mwenye Banda. Wateja wake wakubwa walikuwa madereva na utingo waliosubiri kupanda Mlima Sekenke alfajiri. Kwa hiyo filamu zilianza saa kumi alasiri, ili watu wale mapema na kulala. Sisi wenyeji tulijibana pembeni, na jua la mchana lilikuwa bado ndani ya yale mabati.

Asubuhi Mtafsiri aliitazama kanda mara moja, sauti ikiwa imezimwa kabisa. Alasiri, kabla ya kuanza, aliigeukia televisheni na kuiuliza, "Haya, nani anataka kusema?" Watu wakacheka, yeye hacheki. Picha ikianza, mtu tuliyemjua alipotea. Akisema kama mwanamke, magoti yake yalibana yenyewe. Akiwa jambazi, alifungua kifungo kimoja cha shati. Watoto, wazee, hakimu, farasi, mlango unaofungwa kwa hasira, vyote vilitoka kwenye koo moja, na hukusikia pale vinapoungana. Nimesikiliza michezo ya redio tangu niko msichana, na sijasikia mtu wa namna hiyo. Nasema hivi nikiwa na akili timamu, na nikiwa bado na hasira naye.

Ukweli niliujua kwa sababu ya lori lililoharibika. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kutoka Singida mjini alikuwa akisafiri na mzigo wake, lori likakatika springi, akaingia bandani kupoteza muda. Filamu ilikuwa ya kwao. Mtafsiri alikuwa akitueleza jinsi yule mama anavyolilia ng'ombe wake saba walioibwa na shemeji, na kina mama wenzangu walikuwa wanafuta machozi kwa kanga. Yule mfanyabiashara alianza kutikisika mabega. Nilidhani naye analia, kumbe anacheka hadi anakosa pumzi. Tulipotoka nilimuuliza kulikoni.

"Mama huyo amefiwa na mume, mwalimu," akaniambia. "Hakuna ng'ombe hata mmoja filamu nzima. Lakini ya huyu mzee nimeipenda zaidi."

Nilimfuata Mtafsiri nikamwambia kwamba anatudanganya. Hakushtuka.

"Ungelia kwa ajili ya mume wa Kihindi usiyemjua?" akaniuliza. "Mimi nilikupa ng'ombe, ukalia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwa kazini. Akiwa nje ya banda alikuwa mtu mwingine, na ndipo matatizo yangu naye yanapoanza. Riziki yake hasa ilikuwa ufundi wa baiskeli, na pale kwenye kibaraza chake hakusema. Unampelekea baiskeli, anaitazama, anaitikia kwa kichwa. Mke wake ndiye aliyesalimia wateja, akauliza habari za nyumbani, akaeleza kwamba tairi litakuwa tayari kesho. Mtu mwenye sauti mia moja alikuwa mchoyo wa sauti yake mwenyewe. Na akilazimika kusema, ulisikia kwa nini. Nilimpa shikamoo kila asubuhi nikielekea shuleni, kwa kuwa alinizidi umri wa kutosha, na kila asubuhi aliniitikia, "Malahaba, mwalimu."

Wanyiramba wengi wa umri wake walisema hivyo. Kwenye karatasi za serikali wilaya yao ni Iramba, mdomoni mwao ni Ilamba, na mimi, Mnyaturu wa Ihanja, nilikuwa nawatania kila siku. Kwa watu wengine ulikuwa utani tu. Kwa mtu anayeishi kwa mdomo wake ulikuwa mzigo, na ulianza kumwelemea siku tuliyoletewa uchaguzi wa vyama vingi. Ofisa mmoja alikuja na gari lenye spika, akaambiwa kuna mtu hapa ana sauti, akampa kipaza sauti awatangazie wananchi. Mtafsiri hakupewa mtu wa kumwigiza. Aliambiwa aseme tu. Akapita barabara nzima akiwahimiza watu wazima wote wajitokeze kupiga kula. Utingo walimjibu kwa kugonga sahani. Kufika sokoni ofisa alikwisha mnyang'anya kile kipaza sauti, na wale utingo waliendelea kumwita Mzee wa Kula mpaka msimu wa mtama ukapita.

Sasa sikilizeni jambo lililonichanganya kichwa. Yule yule mtu, akimwigiza sultani, alisema "rafiki yangu" kama mtu aliyezaliwa Pangani. Akiwa hakimu, "karani" na "barua" na "rufaa" vilitoka safi, herufi zimesimama wima. Nilifanya uchunguzi wangu kimya kimya pale benchini, filamu baada ya filamu, na sikumkamata hata mara moja. Ulimi wake uliiweza ile herufi bila shida mradi maneno yawe ya mtu mwingine.

Umaarufu wake ulitembea na malori. Mwenye duka mmoja wa Singida mjini alimchukua atengeneze tangazo la sabuni kwenye kaseti. Akawa baba, mama, mtoto mchafu na kuku anayepita uani, na kaseti ile ilipigwa stendi mpaka watu wakaikariri. Baadaye watu wa Dar walianza kutengeneza filamu zao za video, na mmoja wao alimsikia bandani wakati akipita kwenda Mwanza. Akampenda sura. Uso wake kweli ulikuwa wa filamu, mrefu, wenye mifereji miwili mashavuni, uso ambao ukinyamaza tu unadhani umeshasema. Wakamwita Dar mara tatu au nne. Alikwenda kwa lori, akakaa wiki mbili, akarudi. Mlinzi wa geti, mganga, mzee anayebeba jeneza. Kote huko hakupewa neno la kusema. Tuliishangilia mikono yake ikifungua geti. Watu walipiga makofi kwa ajili ya geti, na nilikuwa miongoni mwao.

Ndipo akapata sehemu ya kweli. Baba mwenye nyumba, anayemfukuza binti yake kisha anamfuata kumwomba arudi. Karatasi zilikuja kwa mkono wa dereva, zimekunjwa ndani ya bahasha, na maneno yake yalijaza kurasa tisa. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, saa ya kutoka shule, amevaa shati la kanisani. Alisimama kwenye kibaraza mpaka nilipomwambia mara tatu akae.

"Mwongozaji amesema hataki sauti za banda," akaniambia. "Anataka mimi mwenyewe. Nifundishe, mwalimu. Nimechoka kufungua geti."

Hicho ndicho alichotaka, na nakiandika hapa kwa sababu baadaye watu walisema alitaka umaarufu. Alitaka siku moja uso wake na sauti yake vitokee mahali pamoja.

Nilimfundisha wiki sita. Nilikuwa mwalimu mzuri, hilo hakuna anayebisha, na nilikuwa mkali. Kila jioni alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kifuani.

"Sema rafiki."

"Lafiki."

"Sema kama yule sultani."

"Rafiki," sultani akasema.

"Haya, sema wewe."

"Lafiki."

Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia, mzee wangu, mbona ni rahisi, jifanye unamwigiza mtu anayefanana na wewe, ana baiskeli kama zako, ana mke kama wako, ila yeye anasema vizuri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya gurudumu lililopinda.

"Huyo sina, mwalimu," akasema. "Wengine wote ninao."

Ikanijia kwamba shida haikuwa ulimi, ilikuwa sikio. Akijisema mwenyewe hakuisikia tofauti. Nikaacha kumwambia aseme, nikaanza kumwambia asikilize. Nilimgeuzia mgongo ili asione midomo yangu, nikatamka maneno mawili mawili, kura na kula, mara na mala, naye anyooshe kidole kimoja akisikia r, viwili akisikia l. Wiki nzima alisema ni neno lile lile namchezea. Wiki iliyofuata akaanza kubahatisha. Kisha asubuhi moja alinikimbilia njiani, mikono ina grisi, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia.

"Nimeisikia!" akapiga kelele. "Kwenye ledio, mwalimu! Kumbe watu wote wanasema hivyo, ila mimi!"

Nilifurahi sana. Niliingia darasani siku ile nikitembea kwa madaha. Sikutazama vizuri uso wake alipomaliza ile sentensi, na kama nilitazama sikuelewa. Ulimi wenyewe bado ulikataa, lakini tulikwisha ishiwa na siku. Akapanda lori akaenda Dar.

Kanda ilifika baada ya miezi mingi. Mwenye Banda aliifungua karatasi mbele ya watu, na siku hiyo benchi hazikutosha, waliosimama walijaza mpaka mlangoni. Mke wake alikuja, mara yake ya kwanza bandani, akakaa karibu yangu na kitenge kipya. Mtafsiri alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, ingawa filamu ilikuwa ya Kiswahili na haikuhitaji kutafsiriwa. Nadhani hakujua pengine pa kukaa.

Uso wake ukatokea. Watu wakapiga vigelegele. Ukafungua mdomo, na ndani yake ikatoka sauti ya kijana wa Dar, laini, ya mtu wa redioni, kila herufi mahali pake.

Kisha dereva mmoja nyuma akapaza sauti, "Siyo yeye huyo!" Wengine wakadaka, "Siyo yeye! Siyo yeye!" Walikuwa wamempiga picha akisema kurasa zote tisa, halafu wakamfuta, wakampachika mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia. Mke wake alinishika mkono akauliza, "Mwalimu, mbona mume wangu anaongea kama mtoto wa mjini?"

Mwenye Banda alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Aliinuka, akapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, akawasha spika, akamwekea Mtafsiri maiki mkononi. Pale kwenye kioo midomo ya Mtafsiri ilikuwa inacheza bila sauti, na pale kwenye kigoda alikuwepo yeye mwenyewe, mtu pekee duniani aliyejua ile midomo inasema nini. Alikuwa amewasemea Wachina na Wahindi na farasi. Alichotakiwa kufanya ni kujisemea.

"Sema, Mtafsiri!" watu wakamwomba. "Sema baba!"

Mimi sikuomba, niliamuru. Nilisimama kabisa. "Sema wewe!"

Aliitazama picha yake. Aliisogeza maiki karibu na mdomo. Kisha akaiweka chini sakafuni, taratibu, akamwonyesha Mwenye Banda kwa kidole aongeze sauti ya televisheni. Akaitazama ile filamu mpaka mwisho, akimsikiliza kijana wa Dar akimwomba binti arudi nyumbani.

Nilimngoja nje. Nilimwambia mtu mzima, mbele ya mke wake, maneno ambayo singethubutu kumwambia mwanafunzi, kwamba ni mwoga, kwamba ametuaibisha, kwamba wiki sita zangu amezitupa jalalani. Aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mwalimu," akasema.

Hilo "nisamehe" liliniudhi kuliko yote. Ningependa anitukane. Mwaka mzima nilipeleka baiskeli yangu kwa fundi mwingine, mwizi wa vipuri, kwa ukaidi tu. Mtafsiri aliendelea bandani miezi michache, lakini aliacha kuiuliza televisheni ile swali lake, na jambazi wake hakufungua tena kifungo. Kisha zikaja kanda kutoka Dar zilizokwisha tafsiriwa na watu wa huko, mwenye banda unaweka tu inasema yenyewe. Yakaja madishi, zikaja redio mpya zenye vijana wasionyamaza. Akabaki na baiskeli. Binti yake alipoolewa Kintinku na mke wake alipofariki, akahamia huko.

Miaka yote hiyo nilibishana naye kichwani. Nikiwa nafua, nikiwa nasahihisha, nilikuwa namuuliza, ulishindwa nini? Hakuna aliyekuwa anakucheka siku ile. Watu mia wanakuomba useme kwa namna yako, na wengi wao wanasema hivyo hivyo, wewe unaweka maiki chini. Nimekutana na watu wengi waliokosa bahati, na siwaonei hasira. Yeye bahati alipewa mkononi.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Ihanja kulima alizeti. Nikaalikwa harusi Kintinku, mtoto wa mwalimu mwenzangu. Walinipa kiti chini ya turubai, kando ya mzee aliyekuwa anakula pilau kwa uangalifu, punje kwa punje. Mifereji ya mashavu ilikuwa imezama zaidi. Nikamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Karibu. Habari za Ihanja?"

Tulizungumza juu ya mvua, juu ya mke wake, juu ya Mwenye Banda ambaye naye alikwisha fariki. Mshereheshaji alikuwa akipiga kelele, ikabidi tusogezeane vichwa. Nikaona nisipouliza siku hiyo nitakufa nalo. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Hakuhitaji kukumbushwa ni siku gani. Aliweka kijiko chini.

"Nilitaka kusema," akanijibu. "Maneno yote nilikuwa nayo. Lakini nilimsikiliza kwanza yule kijana. Alisema 'rudi nyumbani' vizuri, kama ulivyonifundisha wewe. Nikajiuliza, sasa mimi nitarekebisha nini hapo? Zamani nisingeisikia tofauti, Mwalimu. Ningechukua maiki nikasema tu. Wewe ndiye uliyenifungua masikio."

Hakusema kwa lawama. Alisema kwa shukrani, na laiti angenilaumu. Nikayarudia maneno yake kichwani, ndipo nikagundua kwamba tangu tuamkiane hakuwa amekosea hata herufi moja.

"Umejifunza lini?" nikamuuliza.

"Nilifanya mazoezi peke yangu, nikitengeneza baiskeli. Ilinichukua miaka." Akanisogelea zaidi, na macho yake yalikuwa na ile hofu ya mtoto anayengoja daftari lake lirudi. "Sasa nasema vizuri, au bado?"

Nikamwambia anasema vizuri. Nikamwambia vizuri kabisa. Akafurahi, akachukua kijiko, akaanza kunisimulia habari za wajukuu wake kwa Kiswahili kisafi kisichokuwa cha mtu yeyote, na mimi nikakaa pale mpaka turubai linafunguliwa, nikisubiri akosee.